Sahani saba kwa wageni wanane: kuandaa mlo wa kuonja nyumbani Dodoma

Mlo wa kuonja ni sahani nyingi ndogo zinazofuatana kwa mpango wa mpishi. Mgeni hachagui, anakaa, analetewa. Migahawa iliyoupa sifa, kama elBulli ya Hispania iliyofungwa 2011 na Alinea ya Chicago iliyofunguliwa 2005, ilijulikana kwa maajabu: juisi iliyogeuzwa vidonge vinavyopasukia mdomoni, puto linaloliwa, kitindamlo kinachochorwa juu ya meza yenyewe. Wanaoiga nyumbani hukimbilia maajabu hayo kwanza, na ndipo wanapoharibikiwa. Mlo huu unabebwa na vitu viwili: uzito wa kila sahani, na dakika zinazopita kati ya sahani moja na nyingine. Ukivishika hivyo, hata mlenda unakaa mezani kwa heshima zake.

Tumechukulia una jiko la gesi, oveni ndogo, friji yenye friza, na msaidizi mmoja wa kupanga chakula na mwingine wa kuosha vyombo. Bila wa kuosha, usianze. Sahani saba kwa watu wanane ni vyombo hamsini na sita, na nyumba nyingi hazina hata nusu yake.

Maswali ya kuuliza wakati wa kualika

Uliza kwa simu, wiki moja kabla, si mlangoni. Nani halili samaki, karanga au maziwa? Nani hanywi pombe? Nani anakula nyama iliyochinjwa na Mwislamu tu? Wengine watasema "nakula chochote", basi taja vitu kwa majina, hasa karanga, maana zimo katika sahani mbili. Kama kuna mgeni asiyetumia pombe, usitegemee maneno ya "divai ikichemka pombe inaisha." Haiishi yote. Tumia juisi ya zabibu kwa meza nzima, usimtengee mtu mmoja sahani ya peke yake.

Ukialika kwa saa 12:30 jioni, panga sahani ya kwanza saa 1:15 usiku. Hiyo dakika arobaini na tano ni ya salamu na ya waliosema "niko Area D, nafika sasa hivi."

Uzito

Huu ndio msingi. Kwa mgeni mmoja:

1. Kaki ya uwele na karanga: gramu 10
2. Ubuyu baridi: gramu 30
3. Perege na ukwaju: gramu 45 za samaki, kijiko cha chai cha mchuzi
4. Ugali wa uwele na mlenda: gramu 90 na gramu 40
5. Mbuzi na zabibu: gramu 60 na vijiko viwili vya chai vya mchuzi
6. Barafu ya rosela: gramu 30
7. Mtindi, asali na lulu za zabibu: gramu 70

Jumla ni kama gramu 400. Ukiviona kimoja kimoja utadhani ni uchoyo, na mgeni naye atadhani hivyo kwenye sahani mbili za mwanzo. Ndiyo maana ugali umewekwa katikati kabisa: hapo ndipo mtu wa Dodoma anaamini kwamba amealikwa kula. Kosa la kawaida ni mwenyeji kuona haya na kuongeza samaki ziwe gramu 100. Ikifika nyama wageni wamelegea, na mtindi unarudi jikoni haujaguswa.

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja. Kwa agaa na dawa nyingine za kugandisha unahitaji ile ndogo inayosoma 0.1, kama za masonara. Kijiko hakitoshi: gramu 3 na gramu 5 za agaa ndiyo tofauti kati ya lulu na kokoto.

Sokoni

Mlenda mkavu, ubuyu, ukwaju, karanga na rosela vinapatikana Majengo. Zabibu mbichi hutegemea msimu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, msimu mkuu kati ya Februari na Aprili, na mwingine Agosti hadi Septemba. Nje ya hapo tumia zabibu kavu zilizolowekwa.

Unga wa uwele usinunue uliokaa. Uwele una mafuta mengi kwenye kiini, na ukishasagwa mafuta hayo huchacha upesi; unga unanuka na kuacha uchungu nyuma ya ulimi. Nunua nafaka kilo moja, peleka mashineni wiki hiyo hiyo, tunza unga kwenye friji.

Perege wa Mtera: macho yawe angavu, matamvua mekundu, na ukimbonyeza nyama irudi. Samaki mzima hutoa theluthi moja tu ya minofu, kwa hiyo kwa gramu 360 nunua kilo 1.2. Mbuzi, chukua bega lenye mfupa, kilo 1.8. Mfupa na kusinyaa kwa nyama vitakula zaidi ya nusu.

Siku mbili kabla: mbuzi

Paka bega gramu 18 za chumvi, liache saa mbili. Weka kwenye chombo cha oveni pamoja na vitunguu viwili, kitunguu saumu, kikombe cha divai nyekundu au juisi ya zabibu na kikombe cha maji. Funika kwa foili mara mbili, oveni nyuzi 120, saa tano. Kama huna oveni, sufuria nzito kwenye moto mdogo kabisa itafanya kazi, ila jua kwamba Dodoma iko juu ya mita 1,100 na maji yanachemkia karibu nyuzi 96, si 100. Nyama ya mbuzi mtu mzima na maharage huchukua muda zaidi hapa kuliko Dar es Salaam kwa kichocheo kile kile. Presha kuka inamaliza tatizo hilo kwa saa moja na nusu.

Nyama ikiachia mfupa yenyewe, ichambue kwa mikono ikiwa ya moto, toa mishipa na vipande vya mafuta vigumu. Chuja mchuzi, uchemshe upungue hadi ubaki kama mililita 200 na uanze kunata vidoleni. Hapa watu huharakisha. Changanya nusu ya mchuzi huo na nyama, shindilia kwenye bati dogo lililotandikwa nailoni, funika, weka juu yake uzito wa kilo mbili (pakiti mbili za unga zinatosha), lala nayo kwenye friji. Asubuhi ni tofali. Ukate vipande nane sawasawa. Usiku wa mlo, kaanga kila kipande upande mmoja tu, kikitoka kwenye friji moja kwa moja, kwenye kikaango cha moto chenye mafuta kidogo. Kama mchuzi haukupungua vya kutosha, tofali litasambaratika kikaangoni na utapakua nyama ya kuchambua. Si msiba, lakini sahani nane hazitafanana.

Nusu nyingine ya mchuzi ndiyo ya kumwagia, pamoja na zabibu nyingi kadiri ya konzi moja.

Siku moja kabla: lulu za zabibu

Hili ndilo ajabu lenye gharama ndogo na hasara chache, na linatumia vitu viwili vya kanda hii: divai ya Makutupora nyekundu na mafuta ya alizeti ya Singida.

Mimina lita moja ya mafuta ya alizeti kwenye jagi refu jembamba, kina kisipungue sentimita 20, uliweke kwenye friza dakika 40. Mafuta yawe ya alizeti kweli. Ya mawese yataganda yawe kama samli.

Chemsha mililita 200 za divai na gramu 25 za sukari hadi zibaki mililita 100, kisha uziache kwenye moto mdogo zisipoe. Kwa wasiokunywa, juisi ya zabibu na kijiko cha ndimu. Kwenye sufuria nyingine weka maji mililita 100 yakiwa baridi, nyunyizia gramu 3 za unga wa agaa huku ukikoroga, kisha uchemshe dakika mbili kamili. Agaa isiyochemka haigandi, na agaa iliyochemshwa ndani ya divai yenyewe hudhoofishwa na ukali wake. Ndiyo sababu ya sufuria mbili. Mimina divai ya moto ndani ya agaa, koroga. Divai ikiwa baridi, mchanganyiko utafanya mabuja papo hapo.

Chukua bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa, bila sindano. Vuta, kisha dondosha tone moja moja kutoka kimo cha sentimita 10. Tone linaingia kwenye mafuta, linajikunja kuwa duara, linashuka polepole na kufika chini likiwa limeganda. Simama uangalie matone kumi ya mwanzo. Yatakueleza kila kitu. Yakitua chini na kuwa bapa, mafuta hayajapoa au jagi ni fupi. Yakiwa na mkia kama kiluwiluwi, mchanganyiko umepoa, urudishe motoni. Yakigandamana chini, umedondosha mahali pamoja, zungusha mkono.

Chota lulu kwa chujio la chai, suuza kwa maji baridi, zihifadhi kwenye juisi ya zabibu ndani ya friji. Zinakaa siku mbili. Mafuta yaache yatulie hadi kesho yake, mimina ya juu, acha maji yaliyozama. Ukiyakaangia na maji yake yatakurukia usoni.

Ubuyu, na tatizo la maji ya Dodoma

Sahani ya pili inaweza kuwa ubuyu baridi wenye chembe ya pilipili kwenye kikombe cha kahawa, na hakuna atakayelalamika. Lakini kama umeagiza alginati ya sodiamu (unga wa mwani wa kugandisha) na laktati ya kalsiamu (unga unaoifanya alginati igande), ubuyu ni tunda zuri la kufanyia kidonge kinachopasukia mdomoni, mradi ugeuze njia.

Njia ya kawaida ni kutia alginati kwenye juisi na kuidondosha kwenye maji ya kalsiamu. Kwa ubuyu inashindikana: ni mkali mno, na tena una kalsiamu yake mwenyewe, kwa hiyo unageuka kamasi kabla hujafika popote. Fanya kinyume. Koroga gramu 60 za unga wa ubuyu, maji mililita 400, sukari gramu 40, laktati ya kalsiamu gramu 8, chuja, gandisha kwenye vitrei vya barafu vya mviringo. Pembeni saga kwa blenda lita moja ya maji na gramu 5 za alginati, uache kwenye friji usiku mzima mpaka mapovu yaishe.

Na hapa ndipo maji ya bomba yanapokutega. Maji ya mji huu mengi hutoka visima vya Mzakwe, na kila mwenye birika anajua ukoko mweupe unaoota ndani yake. Huo ukoko ni kalsiamu. Alginati ikikutana nayo inaanza kuganda ndani ya bakuli lako, na asubuhi utakuta uji wenye mabuja badala ya maji mazito meupe. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa, au ya chupa ambayo lebo yake inaonyesha kalsiamu kidogo.

Tumbukiza vidonge vilivyoganda, vitatu vitatu, visigusane, dakika nne. Vitoe kwa kijiko chenye matundu, suuza kwenye maji safi, viweke kwenye juisi ya ubuyu. Mwambie mgeni akitie mdomoni kizima na afunge mdomo. Asipoambiwa atakiuma nusu, na shati jeupe la kikao cha kesho litakuwa limeisha.

Kazi nyingine za jana yake, kwa haraka

Barafu ya rosela: chemsha gramu 15 za rosela kavu kwenye maji mililita 350 na sukari gramu 50, chuja, mimina kwenye bati pana, friza, kila nusu saa kwaruza kwa uma kwa saa tatu au nne. Sukari ikipungua inakuwa jiwe, ikizidi sana haigandi.

Mtindi: gramu 800 kwenye kitambaa safi, ning'iniza ndani ya friji hadi asubuhi, itabaki kama nusu. Asali unaongeza mezani, si sasa.

Kaki: pika uji mzito wa gramu 50 za unga wa uwele na maji 500 kwa dakika 20, tia chumvi, tandaza kwenye nailoni iliyopakwa mafuta, unene wa milimita mbili. Hewa kavu ya huku inakusaidia. Chini ya chandarua, kivulini penye upepo, kuanzia asubuhi hadi jioni inatosha msimu wa kiangazi. Ipo tayari ikipinda kidogo ndipo ikatike. Ikikauka hadi kupasuka kama kioo haifumuki kwenye mafuta. Ikiwa bado laini inanyonya mafuta na kuwa ngumu kama ngozi. Kaanga dakika chache kabla ya wageni kukaa, mafuta nyuzi 190, sekunde sita hadi nane. Paka karanga zilizokaangwa na kusagwa, chumvi, basi.

Usiku wenyewe

Perege: nyunyizia minofu chumvi, gramu moja na nusu kwa kila gramu 100, dakika 20, futa. Pasha mafuta ya alizeti hadi nyuzi 70, zamisha minofu, subiri hadi kipimajoto kisome 63 katikati. Ni kama dakika 12 hadi 15. Utaona samaki laini kuliko aliyewahi kukaangwa. Usishawishike kumtoa mapema ati "wa kisasa". Samaki wa maji baridi huweza kuwa na minyoo, na hawa si samaki wa kuliwa wabichi. Mchuzi: ukwaju gramu 40 kwenye maji ya moto 150, kamua, chuja, chemsha na kijiko cha asali hadi ushike kijiko.

Sahani ya nne ndiyo roho ya meza, basi ipe nafasi. Kabla yake, msaidizi azunguke na birika la maji ya uvuguvugu na beseni, kila mgeni anawe. Ondoa vijiko na uma vyote. The Fat Duck ya Uingereza iliwahi kuwavalisha wageni sauti ya mawimbi masikioni wakila vyakula vya bahari. Kama unataka kitu cha aina hiyo, ilimba, ala ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba, ikipigwa taratibu chumba cha pili inatosha, kisha inyamaze. Ugali: unga gramu 250 kwa maji 500 hadi 550, songa vizuri, fanya matonge nane. Songa na wa ziada, uache kwenye chombo cha kuhifadhi joto. Kuna mtu ataomba. Mlenda: maji 300 yakichemka, gramu 20 za mlenda mkavu, magadi ncha ya kisu, karanga za kusaga gramu 60, dakika tano. Nyanya usiweke, wala ndimu. Ukali unaua utelezi, na moto mrefu vilevile. Utelezi ndio sababu ya sahani hii kuwepo, usiuonee haya mbele ya wageni kutoka pwani.

Ratiba: kaki saa 1:15, ubuyu 1:25, perege 1:45, ugali 2:05, mbuzi 2:30, rosela 2:50, mtindi 3:05. Sahani ya perege ioshwe wakati wageni wanakula ugali, ndiyo itakayopokea mbuzi. Pasha moto sahani hizo kwenye oveni nyuzi 60, kwa kuwa gramu 60 za nyama kwenye sahani baridi hupoa kabla hujamaliza kuweka ya nane. Ukichelewa kwa zaidi ya dakika kumi kati ya ubuyu na perege, wageni wataanza simu zao na hutawarudisha. Ukichelewa kati ya mbuzi na rosela hakuna atakayejua.

Divai: mililita 75 mara nne kwa mtu, chupa nne kwa meza yote. Nyekundu itie kwenye friji dakika 25 kabla ya kufungua, hasa Oktoba na Novemba. Wasiokunywa wapate juisi ya rosela na ya zabibu kwenye glasi zile zile.

Umeme ukikatika, lulu na mtindi havina shida. Rosela ihamishie kwenye deli lenye barafu mapema, kabla hata umeme haujakatika. Oveni ya umeme ndiyo itakayokuangusha, kwa hiyo weka mkaa tayari. Sahani zinapashwa pembeni ya jiko.

Kila sahani iambatane na maneno yasiyozidi sekunde ishirini: ni nini, kimetoka wapi, kinaliwaje. "Perege wa Mtera, ukwaju, kijiko." Mwenyeji akianza kueleza nyuzi za mafuta, samaki anapoa.

Mpangilio wa sahani usiuweke mezani mwanzoni. Uandike kwenye karatasi ndogo na umpe kila mgeni anapoondoka, kama wanavyofanya Alinea, ili asijue kinachofuata lakini kesho akumbuke alichokula. Na uandike kwa majina yake: uwele, mlenda, ubuyu. Mbuzi aitwe mbuzi.